Vidole vya Mguu Uliozikwa Pugu

Shikamooni wakubwa, wa rika langu, habari zenu. Mie sikuwa mtu wa vikundi kama hiki chetu cha waliokatwa viungo. Nilidhani mmoja anasimulia, wengine wanapiga makofi, kisha kila mtu anarudi na shida yake nyumbani. Nisikilizeni, halafu mpime wenyewe.

Nilikatwa mguu chini ya goti baada ya ajali ya bodaboda, nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo. Mjomba aliuchukua hospitali, akauzika kiwanjani kwake Pugu. Mie nikarudishwa kwa mama, Chang'ombe, chumba cha uani.

Hapo vidole vya mguu ule vikaanza kuuma. Ndugu zangu, nawaambia, vilijikunja kama vimekazwa kwa waya. Nilipomwambia mjomba, akasema mguu ulizikwa vidole vikiwa vimekunjwa. Itabidi ufukuliwe, unyooshwe. Nikabisha kisomi, habari za mishipa ya fahamu.

Tangu hapo nikafunga mdomo. Nikilalamika, mjomba anashika jembe. Nikinyamaza, naumia peke yangu. Wageni wakija kunipa pole, nasema sijambo huku nimekunja shuka mkononi. Nikaacha kutoka hata uani. Na kibaya zaidi, siku moja maumivu yaliponizidi, nilijiuliza: kama mjomba ndiye aliye sahihi?

Ndipo mama akamleta dada mmoja wa kikundi hiki, naye hana mguu. Hakunipa pole. Alikaa kitandani, akauliza, "Vidole vinakuuma?"

"Vidole vipi?"

"Usinizungushe, mdogo wangu. Vile ambavyo havipo."

Nikakubali.

"Mie wangu unabanwa na kiatu," akasema. "Na kiatu chenyewe nilishakigawa."

Nilicheka mpaka machozi. Mama, aliyekuwa mlangoni, akamuuliza kama na wake ulizikwa vibaya. Dada akajibu kwamba wake ulichomwa hospitali, haukuzikwa popote, na bado unauma.

Mama akachukua simu. "Kaka," alimwambia mjomba, "hilo jembe liache."

Dada yangu, uko hapa, asante. Asanteni nyote mlionipokea nikiwa mbishi. Bado ni mbishi. Wala nisiwadanganye kwamba nimepona. Ila kama kuna mwenzangu anakaza meno kuficha maumivu mbele ya wageni, amwambie mtu mmoja tu, hata kama jambo lenyewe halina akili. Leo asubuhi viliuma tena. Nilimwita mama, akanikanda kigutu mpaka vikanyooka, tukatoka kuja hapa.