Begi la Sabatino na Kitu Kisichoonekana

Kijiwe chetu hapa kijijini Assergi, Italia, ni benchi moja la mbao mbele ya baa yangu, mgongo ukutani, uso kwa mlima Gran Sasso. Wazee watatu wamelikalia tangu wastaafu, na mimi, Loreta, ndiye ninayewachemshia kahawa na kuwavumilia. Yupo Fuko, aliyechimba barabara ya kupita tumboni mwa mlima. Yupo Askofu, ambaye hajawahi kuwa hata padre, alipiga kengele za kanisa tu. Na yupo Sabatino, mchungaji wa kondoo, ambaye kila jina la utani tulilompa alilikataa. Asubuhi hiyo kilele kilikuwa na theluji ya kwanza, na miguuni pa Sabatino palikuwa na begi jipya la buluu. Mwanawe Renzo alikuwa njiani kuja kumchukua wakaishi pamoja mjini Torino, moja kwa moja. Baridi iliyopita mzee alianguka kwenye ngazi, akalala hapohapo mpaka jirani alipomsikia. Wote tulijua habari za begi lile, na hakuna aliyelitazama. Ndiyo maana wakaanza kubishana kuhusu ulimwengu.

— Bado hawajakipata, alisema Fuko akiunyooshea mlima kidole. Miaka nenda miaka rudi hao wanasayansi wamejifungia chini ya jiwe, wanatafuta kitu cheusi.

— Si cheusi, alisema Askofu. Hakionekani. Kingekuwa cheusi si tungekiona?

— Hebu tuambie basi, wewe uliyekiona.

— Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mimi nimeinama humo ujana wangu wote! Nikapata nini? Kikohozi!

Fuko akanywa funda, akashusha sauti.

— Sikilizeni. Kitu chenyewe ni vumbi letu. Tulipoulipua mlima vumbi lilipanda, sivyo? Nani aliliona likishuka? Lilikwenda moja kwa moja. Huko kwenye nyota kumejaa vumbi la Assergi.

— Toka hapa! Ni roho za toharani. Mwili hazina, ila uzito wa dhambi wanao... zinao. Uzito bila mwili, si ndicho wanachokitafuta?

— Basi mama mkwe wako peke yake anatosha. Watakipata kesho.

Nilicheka hadi nikamwaga kahawa sahanini. Sabatino hakucheka. Alikuwa anautazama mlima, na alipoongea ilikuwa mara ya kwanza tangu akae.

— Kule juu malishoni, Campo Imperatore, ukungu ulikuwa unafunga hata mkono wako huuoni. Kengele kimya. Mbwa kalala. Ua hakuna, kamba hakuna. Najilaza nawaza, leo kondoo wamenitoka. Ukungu ukifunguka, wako palepale, mbavu kwa mbavu. Nani alikuwa amewashika?

— Wewe ulimwona? aliuliza Askofu.

— Sikumwona.

— Basi hakuwepo! Asiyekuwepo na lake halipo!

Fuko akampiga teke la ugoko, lakini neno lilishatoka. Sabatino akashusha macho kwenye kikombe chake. Nami nikaona uchungu, nikajifanya nafuta meza.

Bahati nzuri akatokea Ludovica, binti wa maabara ya chini ya mlima, anayesubiri basi lao hapo kwangu.

— Habari za asubuhi, wazee wangu.

— Njoo, mwanangu, utuamue, alisema Fuko. Kweli mashine zenu mnazifunika kwa madini ya risasi yaliyozama na meli ya Warumi?

— Ipo ya namna hiyo. Risasi changa ina kelele za mionzi, inavuruga vipimo. Kongwe imeshatulia.

— Vitu vizee, vizito, vimetulia. Mbona hamjatuchukua sisi?

— Nyie mna kelele, nilisema.

— Na hicho kisichoonekana, aliuliza Sabatino taratibu, mnajuaje kipo?

Ludovica akaketi ukingoni mwa benchi.

— Nyota za pembeni mwa galaksi zinakimbia sana, babu. Kwa uzito tunaouona, zingeshatawanyika zamani. Hazitawanyiki. Kuna kitu kinazishika.

— Kikoje?

— Hatujui. Tunachojua, hazitawanyiki.

Wote wakainua macho, kila mmoja na mbingu yake. Ludovica akanyoosha miguu, ikagonga kitu.

— Samahani. Begi hili la nani?

Fuko akatazama mlima. Askofu, mwenye methali kwa kila jambo, akakoroga kikombe kitupu. Mimi nilishika kitambaa nisijue nifute nini. Honi ikalia kwenye kona ya kanisa.

— La mwanangu, alisema Sabatino. Alilisahau.

Akainuka, akalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari la Renzo, akaliweka kiti cha nyuma. Renzo alishuka, akashika kichwa, akasema mengi. Mzee akawa anaonyesha huku kwetu kwa kidole, kisha mlimani, kisha huku tena. Hatukusikia neno. Mwishowe Renzo akamkumbatia, muda mrefu, akarudi garini akifuta macho, akaondoka peke yake. Hata mimi machozi yalinitoka, sioni aibu kusema.

Sabatino akarudi, akakaa mahali pake.

— Loreta, kahawa.

— Imekwisha. Nachemsha nyingine.

Upepo ukashuka kutoka kwenye theluji. Akajikunyata, akajipapasa kifuani.

— Mama yangu! Makoti yangu yote yamo kwenye lile begi.

Fuko akavua lake, akamtupia magotini.

— Vaa, alisema. Halafu umwambie huyu Askofu kwamba ni vumbi.