Shamba la Ejo

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji cha Mwamgongo, viongozi wetu wa msikiti na kanisa, Mzee Selestini uliyefika kabla hata viti havijapangwa, wageni mliosumbuliwa na mawimbi kuja huku, na wewe Mama Domitila uliye shughuli yenyewe leo: mwidiwe!

Naona Mama Leonia anacheka. Anacheka Kiha changu. Cheka tu, mama. Mimi Nassib, bwana shamba wenu, nilitoka Tanga nikidhani lugha nimezimaliza.

Ndugu zangu, nani amesahau tulivyokuwa tukilima? Wanaume ziwani na dagaa wao, wanawake mlimani, kila mmoja na mteremko wake na mihogo yake, na mvua ikinyesha udongo wote unakwenda kuwatembelea samaki. Ukimkuta jirani amelemewa na palizi, unampa pole, unapita. Kisha vita vya Burundi vikatuletea wageni, akiwemo mama huyu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe aliliomba siku ya kwanza! Mzee Selestini akamwazima kipande kule juu, kina mawe hata mbuzi wanakidharau.

Naye akafanya nini? Kabla ya kugusa cha kwake, alishuka kwa Leonia, aliyekuwa mgonjwa, akampalilia, na wakimbizi wenzake wakaja nyuma wakiimba. Kwao kazi hiyo huitwa ikibiri: leo kwako, kesho kwangu. Maradhi yalipoimaliza mihogo yetu, ikibiri ndiyo iliyopanda maharage mlima mzima, na yale makinga maji niliyoyahubiri hadi sauti ikanikauka yakachimbwa kwa nyimbo. Nawauliza, siku zile mgeni alikuwa nani?

Nami nikapata somo langu. Nilimuuliza Mama Domitila, "Mama, maharage lini?" Akajibu, "Ejo, Bwana Shamba." Leonia alikuwa amenifundisha kwamba ejo ni kesho. Kulipokucha nikapanda mlima na mbegu begani, nikakuta ameshapanda, tena mistari imenyooka. "Si nilikwambia ejo?" Kumbe kwa Kirundi ejo ni kesho, na ejo hiyo hiyo ni jana! Mlinicheka msimu mzima.

Kesho alfajiri boti inamchukua. Anarudi kwao, na juzi alilia mbele yangu, maana hajui kama shamba la marehemu mumewe bado ni lake au linalimwa na mwingine. Aliniambia, "Nikikosa pa kushika jembe, nitakuwa nani?" Na bado, kwa uungwana wake, akamrudishia Mzee Selestini kile kipande cha mlimani.

Mwenyekiti, ulimuuliza mzee mbele ya mkutano apewe nani. Akasema hapewi mtu. Tutakilima kwa ikibiri. Ukamuuliza, mpaka lini? Mzee hakutafuta maneno. Alisema, "Mpaka ejo."

Mama, umesikia? Ukilikuta shamba la kwenu, lima, utusalimie. Usipolikuta, njia ya ziwani unaijua. Inaniuma kukuaga, sitaficha.

Asanteni kwa kunisikiliza, na Kiha changu mkisamehe. Mama Domitila, tulikuwa pamoja ejo. Tutaonana ejo.