Sufuria ya Wifi

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa nne wa seremala, na binti pekee. Wivu alikuwa nao tangu utotoni wala hakuuficha: kaka yake aliponunuliwa viatu, yeye alikwenda shule pekupeku wiki nzima, vyake viko kabatini.

Alimaliza sekondari mwaka 1979, na mwaka 1982 akahitimu ufundi wa maabara. Kwa miaka thelathini na moja alipima maji, vumbi na damu za watoto, akitafuta madini ya risasi, sumu inayodumaza akili za watoto. Aliingia majumbani na kitambaa kibichi, akipangusa madirisha na kuwahimiza akina mama wadeki badala ya kufagia, vumbi lisitimke.

Tarehe 14 Desemba 1985 aliolewa na dereva wa lori, wakajaliwa watoto wawili. Wifi yake, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Watoto wakitoka shule walipitiliza kwa shangazi kula mchuzi wa nyanya uliolala katika sufuria nzito iliyotengenezwa kwa vyuma chakavu vilivyoyeyushwa.

"Huko kuna nini?" mama yao aliuliza.

"Kutamu."

Roho ilimuuma. Mwezi Mei 1994 akachota mchuzi kwa siri, akaupima. Risasi tele! Alipotangaza, ukoo mzima ulicheka. "Wivu huo!" Wifi akaongeza, "Kapime na kijicho chako."

Baada ya wiki tatu marehemu alirudi na majibu ya damu ya kitindamimba wake. Aliweka karatasi mezani: risasi imo damuni. Siku hiyo hiyo sufuria ilitobolewa kwa msumari. Kwa miaka miwili marehemu aliwapima watoto wote kumi na mmoja wa ukoo, hadi damu zao zikashuka.

Mwaka 2022 alipatikana na saratani ya tumbo. Wifi alimuuguza. Asubuhi moja marehemu alisema, "Wifi, majibu ya mchuzi yalipotoka, nilifurahi kabla sijaogopa."

Wifi akajibu, "Na mimi nilikuamini siku ile ile. Nilikataa tu kukupa ushindi. Watoto wakala wiki tatu zaidi."

Walilia, wakashikana mikono.

Alifariki tarehe 2 Juni 2023, saa nne asubuhi. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na wifi mmoja ambaye, akiutazama umati huu uliojaa hadi barabarani, bado anamwonea wivu.

Alale salama, mshindani wetu mpendwa.