Dakta Kananu na Minyoo wa Kibugu

Wasikilizaji wapendwa, kama una kikombe cha chai mkononi, endelea kunywa. Tunayemkumbuka asubuhi hii hakupenda chai ya mtu ipoe kwa sababu yake. Ni Dakta Felicitas Kananu, mtafiti. Alizikwa Jumamosi kule Kibugu, akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Kananu alizaliwa Meru, akaolewa Embu na Munene, akawa Mama Tabby. Alikuwa daktari wa masomo, si wa sindano. Alilieleza hilo mpaka akachoka, maana majirani walizidi kumletea watoto wenye kikohozi. Kazi yake ilikuwa minyoo. Si wa tumboni, jamani! Ni wale bapa, wadogo kama punje ya mchele, wanaokaa chini ya mawe kwenye vijito vyetu vya baridi. Ukimkata mmoja vipande vitatu, baada ya wiki mbili hivi una minyoo watatu, kila mmoja na kichwa chake. Ndani yao mna seli shina, chembe ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Kananu alitaka kujua huwa zinaamuaje. Alisema tukilijua hilo, labda siku moja tutaponya vidonda vyetu vizuri zaidi.

Alianza na mnyoo mmoja, kutoka kijito kilicho chini ya shamba lao la majani chai. Miaka kumi na mmoja akikata na kulea, mmoja akawa maelfu. Wanafunzi wake wa chuo kikuu waliwategemea hao hao. Wakifa, miaka kumi na mmoja imekwenda na maji.

Sasa, minyoo hawa hula maini. Na katika boma lile, ini lilikuwa la wazee. Mama mkwe wake, nyanya yetu sote, Cucu Ciakuthii, alikasirika kweli kweli.

"Mama Tabby, mbuzi tuchinje sisi, halafu ini ikulwe na minyoo? Na kukata kiumbe ya Mungu na wembe, hiyo ni laana."

Hakukanyaga ile stoo ya mabeseni. Alichungulia tu dirishani. Lakini alichungulia sana.

Mwaka jana Kananu akalazwa wiki sita. Munene alishinda naye hospitalini, kwa hivyo minyoo wakaachiwa Cucu. Maagizo yalikuwa mepesi: maji ya kijito, na ini kidogo mara moja kwa wiki. Stima ikapotea siku tatu, friji ikazima. Cucu akaogopa ini litaoza, akalitia chumvi kama alivyofunzwa na mama yake. Akawalisha.

Kesho yake walikuwa wamekufa, beseni baada ya beseni. Akabaki mmoja, aliyekuwa peke yake katika beseni la mwisho, ambalo ini halikulifikia. Nasema tena, wasikilizaji: mmoja.

Cucu ana miaka sabini na minane. Hakumpigia mtu simu. Alivaa miwani, akaomba, akachukua wembe, akamkata yule mnyoo vipande vitatu.

Kananu aliporudi, alipokelewa mlangoni. "Nimekuulia minyoo, Mama Tabby. Ni chumvi. Kuna watatu tu, na hao ni wa wembe yangu."

Munene anasema mkewe alikaa chini akalia. Kisha akacheka. Kisha akauliza, "Mami, ulikata wapi? Nionyeshe."

Tangu siku hiyo walifanya kazi wawili. Mabeseni yakajaa tena. Ugonjwa nao ukarudi, na safari hii haukumwachilia.

Jumamosi hotuba zilikuwa ndefu, mnatujua. Saa nane Cucu Ciakuthii akaomba kipaza sauti. "Watu wa Mungu, tufupishe. Leo ni siku ya kubadilisha maji, na ule alikuwa ananisaidia hayuko."

Watu walimfuata na ndoo.

Pole zetu kwa Munene, kwa binti yao Tabby, na kwako Cucu, najua unasikiliza. Nasi wengine tujiulize: ile kazi ya mtu wetu tunayoicheka, akiondoka kesho, nani kati yetu anaijua? Leo jioni kaa naye nusu saa. Mwache akueleze, hata kama huelewi.