Baba, Nimekasirika

Tangu basi litoke Kiwira, mzee aliyepakata mkungu wa ndizi alikuwa akimsema mwalimu wa chekechea ya kijiji chao cha ujamaa. Sekela, aliyekaa naye kiti kimoja, ndiye aliyekuwa mwalimu mwenyewe; mzee hakumjua kwa sura, naye hakuona haraka ya kujitambulisha.

“Anawafundisha watoto kusema wamekasirika! Jana kitindamimba wangu kanisimamia mlangoni: ‘Baba, nimekasirika.’ Miaka mitano!”

“Zamani akikasirika alifanyaje, mzee?” Sekela aliuliza, macho dirishani.

“Aliuma watu.”

“Na sasa?”

“Haumi. Lakini, binti yangu, alipokuwa akiuma nilijua la kumfanya. Namchapa, yanaisha.”

“Alikasirikia nini?”

Mzee aliugeuza mkungu upande wa pili. “Sikumwuliza.”

Basi likasimama Tukuyu. Abiria wakashuka, mzee akabaki palepale. “Hivi,” alisema, “watoto huwa wanaulizwaje?”