Sheria ya Asali: Maisha ya Mwalimu Josias Lwaboshi (1949–1999)

Mwalimu Josias Lwaboshi alizaliwa Uvira tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Zakaria Lwaboshi na Mama Nabintu. Mama yake alisema mtoto huyu alichelewa kulia, lakini alipoanza kusema hakuacha kuuliza maswali.

Alisoma kwa mapadri wa Uvira, kisha Bukavu, na mwaka 1971 akaingia chuo kikuu Lubumbashi. Wenzake walichagua sheria na udaktari. Yeye alichagua Waanglo-Saksoni, yaani Waingereza wa kale, wale wa karne ya mwisho kabla ya Wanormani kuwateka mwaka 1066: walivyoishi, walivyosali na walivyozikana. Baba yake alimuuliza hao watu watamlisha lini. Kusema kweli hawakumlisha vizuri, ingawa alifundisha habari zao miaka ishirini katika chuo cha ualimu Bukavu.

Tarehe 7 Julai 1979 alifunga ndoa na Henriette, na Mungu akawajalia Huguette na Serge. Vita vilipowafikia mwaka 1996 walitoka na nguo za mwilini, wakapita Tanzania, wakaingia Durban mwezi wa Machi 1997.

Hapa mwalimu alipanga katoni katika kiwanda kimoja cha mtaa wa Jacobs. Alirudi jioni hoi, akala, akalala. Lakini alipoona Mkongo anazikwa na Wakongo watupu, na Mrundi na Warundi watupu, moyo ulimuuma, akawaita wote kanisani. Akawaeleza kwamba Waingereza wale, nao wakiandamwa na wavamizi, walikuwa na vyama vya kuzikana. Ndugu akifa, chama kizima kilimpeleka mahali alipotaka kuzikwa, wakasali na kula pamoja. Asiyekuja alitozwa asali. Chama chetu kilianza siku hiyo kwa sheria hizohizo. Zénon, Mrundi mwenye duka la simu Pinetown, alikuwa wa kwanza kukosa maziko, akaleta chupa ya sirapu. Mwalimu alionja, akasema Waanglo-Saksoni wangeirudisha, ila mkate ulikuwa mkavu, basi ikaliwa.

Figo zilianza kumsumbua Septemba 1998. Tangu zamani alimwambia mkewe kwamba anataka kulala Uvira, kando ya baba yake, na kila mwanachama alijua. Lakini vita vilikuwa vimerudi na njia zimefungwa. Wanachama wakazozana kwenye korido ya hospitali. Wapo walioshika kwamba sheria ni sheria, apelekwe. Wengine hawakuwa na nguvu tena ya kubeba jambo lolote. Maneno yao yalimfikia kitandani. Alimwita Pontien, mwenyekiti wa chama.

“Munizike hapa hapa Durban,” alimwambia. “Kule iko vita. Ni mimi mwenyewe ndio nataka.”

Pontien alitoka akishusha pumzi, na ugomvi ukaisha. Mwalimu alifariki Jumapili tarehe 11 Aprili 1999, alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Henriette ameomba jambo moja lisomwe mbele ya watu wote: mumewe hakutaka hapa. Pontien alipoondoka, Henriette alimuuliza mumewe kwa nini amedanganya, naye akajibu, “Mama Huguette, watu wamechoka.” Kwa hiyo leo, tarehe 17 Aprili, anazikwa mahali ambapo moyo wake haukupachagua, na inauma.

Ameacha mjane, Henriette. Watoto, Huguette na Serge. Shemeji yake Anaclet, anayesoma maneno haya. Na mama yake mzazi, Mama Nabintu, aliyeko Uvira, ambaye bado hajui. Simu hazipiti. Atakayetangulia kufika kule amwambie kwamba mwanawe hakuzikwa peke yake. Mwalimu, umetupumzisha sisi. Sasa pumzika wewe, kwa amani ya Bwana.