Siku ya Thelathini ya Jailos Mwasandube

Haya ndiyo maisha ya Jailos Mwasandube, tunayemlaza leo, Alhamisi tarehe 11 Julai 1957, hapa Iyunga. Yameandikwa na dada yake mkubwa, Tusekile, na anayesoma ni Ikupa, binti wa marehemu. Ikupa ameagizwa asiruke mahali. Kuna jambo la kipande kilicholetwa jana na lori, kina nafasi moja tupu, na hilo nalo litafikiwa.

Jailos alizaliwa hapa hapa Iyunga, tarehe 14 Machi 1909, wakati wa Mdachi, mtoto wa tano na wa mwisho wa mzee Alinanuswe Mwasandube. Tusekile alikuwa msichana wa miaka kumi na mbili, na ndiye aliyembeba mgongoni. Kutembea alichelewa. Alipoanza hakuacha tena.

Mwaka 1920 aliingia shule ya misheni Utengule, akasoma miaka minne. Alipenda hesabu kuliko nyimbo, mwalimu akalalamika mpaka akachoka. Alipotoka shule aliokota mkaa akaandika kwenye mlango wa jikoni, mama akifuta, yeye akiandika tena. Siku moja alimwita dada yake, mwanamke mzima aliyekwisha kuolewa na kufiwa na mume, akachora mstari mmoja uliosimama. "Hii ni moja, dada. Ukiijua hii, nyingine hazikushindi." Dada yake alikubali kufundishwa kwa sharti kwamba mtu asijue. Jailos hakumwambia mtu mpaka amekufa, na apewe sifa yake, kwa sababu mambo mengine yote aliyasema, tena kupita kiasi.

Mwaka 1934 alikwenda Chunya kwenye dhahabu. Alikuwa amekwisha kumposa Lusia, ng'ombe wamekwisha pelekwa, na alipoaga tarehe mosi Aprili alisema, "Nafanya miezi mitatu, narudi tufunge ndoa." Wiki ya kwanza ya Julai nyumba ikajaa wakwe. Mchele wa Usangu umepikwa, kuku wamechinjwa, bwana arusi hayupo. Wakwe walingoja siku mbili, wakaondoka wamenuna, na mama yake Lusia akasimama mlangoni akasema, "Labda kwenu mwezi una siku sitini." Tusekile ndiye aliyesindikiza maneno hayo mpaka barabarani.

Jailos alifika tarehe 8 Septemba, anacheka. Kumbe miezi aliyoitaja ni ya kipande. Kipande ni kadi ya mfanyakazi, ina nafasi thelathini. Ukifanya kazi siku moja karani anatia mstari mmoja, na mwezi hauishi mpaka nafasi zote zijae. Ukiugua, mvua ikizuia, Jumapili ikipita, mwezi wako umesimama unakungojea. "Mimi sikukosea, dada," alisema. "Mwezi wa mbinguni ndio unaokimbia." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 15 Septemba, na mama mkwe hakuonja chakula.

Mwaka 1936 alivuka mpaka na Lusia, akaenda Kitwe, Rodesia ya Kaskazini, kwenye machimbo ya shaba. Alikaa huko miaka kumi na miwili. Aliporudi mwaka 1948 alikuwa na baiskeli, sanduku la bati, na neno moja ambalo dada yake alilisikia mpaka masikio yakauma. Neno lenyewe ni "kule".

Kule mtu analipwa shilingi hamsini kwa kipande. Kule unapewa viatu, na nyama mara mbili kwa wiki. Kule nyumba ni ya tofali. Mwaka uliofuata alipata kazi kwenye shamba la chai huko Mufindi, upande wa Iringa, kwa shilingi ishirini na mbili, unga na maharage, kibanda cha nyasi, na viatu ujinunulie mwenyewe. Basi kila likizo aliyokuja Iyunga ilikuwa kule na huku, huku na kule, chakula kinapoa. Zaidi ya yote aliisema habari ya ngwe. Ngwe ni sehemu ya shamba anayopimiwa mtu kwa siku. "Kule siku inapimwa kwa king'ora, dada. Kikilia umemaliza. Huku siku inapimwa kwa ngwe. Ukibakiza miti mitatu ya chai, siku nzima huna."

"Kwani huku ulizaliwa na nani?" dada yake alimjibu. "Kama kule kuzuri, ulirudi kufanya nini?"

Hapo ndipo alipokuwa akivuta sahani na kuanza kula. Siku moja mjini Mbeya alisimama dukani kwa Bwana Harilal, ameshika blanketi, akasema kule linauzwa nusu ya bei. Harilal aliliondoa mikononi mwake taratibu, akalikunja. "Haya Jailos, nenda kule kanunue. Mimi iko hapa nangojea. Na mkate kule bei gani? Kodi ya nyumba, ukifukuzwa kazi, unalala wapi?" Jailos alikiri kwamba kule ukifukuzwa kazi unafukuzwa na nyumba siku hiyo hiyo, na kwamba Mzungu aliyefundishwa na Jailos mwenyewe namna ya kushika mashine alikuja kulipwa mara kumi yake. Lakini alikiri dukani kwa Harilal. Nyumbani kwa dada yake hakukiri hata mara moja.

Jana, msibani, Tadeo amesema jambo. Tadeo alifanya kazi naye Kitwe, wakarudi pamoja, wakafanya kazi pamoja Mufindi, na ndiye aliyekuja na jeneza. Amesema kule Kitwe Jailos alikuwa na jina la utani, wakimwita Bwana Kwetu. "Alituchosha, mama. Ndizi za kwetu Iyunga, maji ya kwetu Iyunga, kwetu mtu analima pake hakuna wa kumwondoa. Tulikuwa tukimwambia, basi rudi!" Dada yake alicheka mbele ya maiti, na hakuona haya. Miaka yote hiyo amegombana na nusu ya mtu.

Kuhusu ugonjwa. Katika hesabu zote za kule na huku, Jailos hakutia kikohozi. Kilianza Kitwe. Daktari wa kule alimpima kifua mwaka 1948 akamwondolea ruhusa ya kushuka shimoni, ndiyo sababu alirudi. Yeye alituambia amechoka na baridi. Baridi, na akaenda Mufindi kwenye umande na ukungu! Mwezi wa Februari mwaka huu Lusia alimlazimisha kwenda hospitali ya Mbeya, akaambiwa kifua kimejaa vumbi la mawe. Aliambiwa apumzike. Alirudi kupogoa chai, kwa kuwa kipande kilikuwa kimefika katikati na hakutaka kukiacha wazi.

Alianguka shambani Jumanne tarehe 9 Julai, saa nne asubuhi, mkasi mkononi. Alikata roho kwenye zahanati ya shamba saa nane mchana. Shamba lilitoa jeneza la mbao za masanduku ya chai, likatoa lori, na likamtuma karani Liberatus aje na salamu. Kwa hayo tunasema ndaga, asante.

Sasa kipande. Liberatus alikitoa mfukoni jana saa tisa, akampa Tusekile kwa mikono miwili, kijana mwenye adabu. Tusekile aliihesabu mistari kwa ukucha. Ishirini na tisa.

"Hii ya mwisho mbona tupu?"

"Mama, ngwe hakuimaliza."

Tadeo akaruka. "Imekwisha! Tulipotoka kumpeleka zahanati tulirudi watu wanne tukaimaliza. Hakuna mti uliobaki. Nyapara alipita akaona."

"Ni kweli imekwisha," Liberatus alisema, "lakini aliyeimaliza siye yeye. Amri ni hiyo. Na kipande kisipojaa hakilipwi."

Lusia alitazama chini.

"Na kule?" Tusekile akauliza. Msiba wote ukageuka kumtazama, maana hajawahi kuuliza habari za kule.

"Kule, mama," Tadeo akasema, "ukishashuka shimoni siku ni yako. Hata ukitolewa kwa machela, wanakuandikia."

"Basi hapo alisema kweli."

Liberatus alirudi nyuma hatua moja. Alisema mkono wake ukiandika hapo, kazi hana, na nyumbani ana watoto watatu. Tusekile akamwambia, "Nani amekuomba mkono wako?" Aliichukua penseli iliyokuwa sikioni mwa kijana huyo, akaweka kipande juu ya jeneza, juu ya mbao za chai, akachora mstari mmoja uliosimama, ule ule wa mlango wa jikoni.

Mtu mmoja aliyekuwa karibu, na ambaye hatatajwa hapa, aliinama akautazama mstari huo. Kisha akasema polepole, "Mama, mistari yetu huegemea kulia kidogo."

Tusekile akauegemeza.

Kipande kinarudi Mufindi alasiri hii na lori. Mnaosikia haya wote ni mashahidi kwamba ngwe imekwisha na siku ni thelathini. Mwenye kutaka kuufuta mstari huo aje Iyunga, amkute aliyeuchora.

Jailos ameacha mjane, Lusia, watoto watatu, Ikupa, Benedicta na Jotamu, wajukuu wawili, rafiki yake Tadeo, na dada mmoja, aliyebaki hana wa kugombana naye.

Mwezi wake umejaa. Apumzike kwa amani. Na walioko huko aliko wamvumilie, kwa maana tangu juzi anawaambia habari za Iyunga.